Makosa Yachekeshayo katika Majibu ya Wanafunzi

Walimu wanaposahihisha karatasi za mtihani wa Kiswahili, hutokea aghalabu mmoja wao akaangua kicheko peke yake, na wenzake wakanyosha shingo kutaka kujua kilichomfurahisha. Hapo husomwa sentensi moja au mbili kwa sauti, watu wakacheka, kalamu nyekundu ikapita, na karatasi ikawekwa chini. Kesho yake sentensi ile imekwisha kuwa hadithi. Na baada ya mwaka mmoja imekwisha kutiwa chumvi hata haijulikani tena ni mwanafunzi yupi aliyeiandika, wala kama iliandikwa kweli. Kicheko chenyewe si kibaya. Kazi ya kusahihisha ni ya kuchosha, na mtu asomaye jibu lile lile mara mia mbili hana budi kushukuru apatapo la kumchangamsha. Walakini kicheko kina desturi ya kukata shauri kabla halijasikilizwa. Jibu likishachekwa halisomwi mara ya pili. Na katika majibu yachekwayo yapo mengi ambayo, yakisomwa mara ya pili, huonekana kuwa yamefikiriwa zaidi kuliko mengine yaliyopata alama zote.

Katika Kiingereza makosa ya namna hii yamekuwa fani ya vitabu tangu zamani. Mwaka 1887 Caroline LeRow, mwalimu wa Brooklyn, Marekani, alitoa kitabu cha majibu aliyoyakusanya kwa wanafunzi, na mwandishi Mark Twain akakiandikia makala katika jarida la Century mwaka huo huo. Twain alikuwa bingwa wa kuchekesha, naye alicheka. Lakini makala yake yaonyesha pia jinsi watoto wale walivyobebeshwa mambo yaliyowazidi umri, wakayarudisha nusu nusu kama walivyoyasikia. Mwaka 1930 Sellar na Yeatman wakatoa 1066 and All That, historia ya Uingereza iliyotungwa kwa makusudi katika mtindo wa mtu aliyesahau nusu ya aliyofundishwa shuleni. Vitabu hivyo viwili huwekwa katika rafu moja, na haifai. Cha kwanza kina maneno ya watoto wenyewe. Cha pili ni kazi ya watu wazima waliojifanya watoto, na kila kosa lililomo limechongwa na kupigwa msasa. Kosa la kutungwa huchekesha upesi na kwisha upesi. Kosa la kweli lina njia ndani yake, na njia hiyo yaweza kufuatwa mpaka mtu afike pale mwanafunzi alipopotelea. Mara nyingine, akifika, humkuta mwalimu amesimama hapo hapo.

Yatazamwe kwanza maneno ya sarufi. Mtihani waamuru: kanusha sentensi hii, Juma anacheza mpira. Jibu linalotakiwa ni Juma hachezi mpira. Mwanafunzi aandika: Si kweli, Juma hajui mpira. Chumba kizima chacheka. Lakini kukanusha, kwa mtu yeyote asiyefunzwa sarufi, ni nini kama si kusema kwamba jambo lililonenwa si kweli? Mshtakiwa hukanusha mashtaka. Msemaji wa serikali hukanusha uvumi. Hakuna hata mmoja wao anayetia kiambishi ha- mbele ya kitenzi cha mshtaki wake akaenda zake nyumbani. Mwanafunzi huyu alielewa Kiswahili. Hakuelewa kwamba neno lile, likiingia darasani, huvua nguo zake za kila siku na kuvaa joho.

Ndivyo ilivyo kwa maneno mengi ya somo hili. Umoja ni hali ya kutokuwa zaidi ya kimoja, na pia ni mapatano ya watu. Basi aulizwaye umoja wa neno watu akijibu kwamba umoja wa watu ni nguvu, amejibu kwa maana ambayo huisikia katika hotuba kila wiki. Wingi ni idadi, na pia ni tele. Basi aambiwaye aandike maji yamemwagika katika wingi, akaandika maji mengi yamemwagika, ametafuta njia ya kutii amri ambayo kwa kweli haitiiki, kwani neno maji halina umoja wa kulinganishwa nao. Huyu afaa kupewa alama kwa ujasiri, na mtungaji wa swali anyimwe moja. Nafsi ni roho au utu wa mtu. Mwanafunzi aliyelelewa katika dini, akiulizwa nafsi ya kwanza ni ipi, akajibu Adamu, ameonyesha kwamba alihudhuria mafunzo mengine kwa bidii.

Zaidi ya yote ni neno kinyume. Swali lasema: andika kinyume cha neno kesho. Linalotakiwa ni jana. Mtoto aandika shoke. Mwalimu asiyejua mambo ya kale ataona ni upuuzi mtupu; lakini katika Uswahilini palikuwa na mchezo wa maneno ulioitwa kwa jina hilo hilo la kinyume, ambamo silabi ya mwisho hutolewa mahali pake ikatangulizwa mbele, hata mbuzi akawa zimbu. Watu wazima waliutumia ili kuficha siri mbele ya wasiojua. Mtoto huyo, pasipo kujua, amejibu kama wazee wa mji. Hapana shaka hastahili alama ya swali hilo, maana mtihani una kanuni zake. Ila hastahili pia kuhesabiwa miongoni mwa wasioelewa lugha.

Methali ndizo zenye mavuno makubwa kupita yote, na huko ndiko ambako kicheko chadhulumu zaidi. Mchumia juani hulia kivulini. Ufafanuzi wa vitabu ni kwamba atafutaye riziki kwa taabu huila kwa raha. Kila mwaka wapo wanafunzi wanaofafanua kwamba atafutaye kwa taabu huishia kutokwa na machozi. Je, sarufi yawahukumu? Kitenzi la kikitiwa kiambishi cha kutendea huwa lia, na umbo hilo halitofautiani hata herufi moja na lia ya machozi. Mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula, na hakuna aufikiriaye kuwa mkono wa machozi. Lakini ni mazoea yaliyofundisha hivyo, wala si umbo. Mwanafunzi asiyepata mazoea hayo ana maana mbili mbele yake, zote sahihi, naye huchagua ile aijuayo. Tena huenda aijua vizuri. Mtoto wa mkulima aliyemwona baba yake akivuna pamba kwa miezi, akapunjwa kwenye mizani, akarudi kuketi chini ya mti asiseme neno, hana sababu ya kudhani kwamba methali ile yazungumzia raha. Ameitafsiri kwa ushahidi. Wahenga hawakukusudia hivyo, na ni haki aambiwe. Lakini kumcheka ni kumcheka baba yake pia.

Haba na haba hujaza kibaba. Kibaba kilikuwa kipimo cha nafaka, na vibaba vinne vilifanya pishi moja. Siku hizi nafaka hupimwa kwa kilo, na kipimo kile mtoto hajakiona kwa macho. Akikutana na neno hilo, afanyeje? Ajua kwamba ki- hudogosha: kitoto, kijitu, kijiji. Basi kibaba ni baba mdogo wa kimo, na methali yamaanisha kwamba mtu mfupi hushibishwa na matonge machache. Kicheko hapa hakizuiliki. Lakini tazama kazi aliyoifanya: amelipasua neno, ametambua kiambishi na maana yake, ametambua shina, kisha ameyaunganisha na kitenzi jaza akapata sentensi yenye mantiki. Kama angeulizwa katika sehemu ya sarufi aeleze udogoshaji, angepata alama zote kwa ujuzi ule ule uliompatia sifuri katika sehemu ya methali.

Na mwenda tezi na omo, ambaye marejeo yake ni ngamani? Tezi ni sehemu ya nyuma ya chombo cha baharini, omo ni ya mbele, na ngama ni tumboni mwa chombo, yanapokusanyika maji ya kufuliwa. Mtoto wa bara, mamia ya maili kutoka pwani, ajifunza tezi katika somo la sayansi kuwa ni kiungo cha mwili, na Omo aijua dukani kuwa ni sabuni ya unga. Akiandika kwamba methali hii yawashauri wagonjwa wafue nguo zao, ni nani aliyemtia katika chombo hicho bila kumwonyesha bahari? Wapo watakaosema kwamba methali za pwani ni urithi wa lugha na lazima zifundishwe. Ni kweli, na zifundishwe. Lakini kufundisha kwamba tezi ni nyuma na omo ni mbele kwahitaji mchoro wa dakika tano ubaoni, na hizo dakika tano ndizo aghalabu zikosekanazo. Mwanafunzi hupewa orodha ya methali na maana zake azikariri, na siku ya mtihani orodha ikimponyoka hubaki na akili yake tu. Makosa ya kuchekesha ni kazi ya akili hiyo iliyoachwa peke yake.

Nahau hazihitaji maneno mengi, kwani hali ni ile ile. Aliyeeleza kwamba kuvunja ungo ni kuharibu chombo cha kupetea mchele, au kwamba kupata jiko ni kununua kitu cha kupikia, amesema kweli tupu. Alichokosa ni kujua kwamba hapo watu wamekubaliana kutosema kweli tupu.

Makosa ya matamshi ni jambo jingine, na yafaa yatenganishwe na hayo. Mtoto ambaye lugha ya nyumbani kwake haipambanui l na r, kama Kikuyu, au haina sh, kama Kijaluo, husikia Kiswahili kwa sikio la nyumbani. Ndiyo maana wageni hualikwa katika kalamu wakala na kunywa, na bwana arusi akatoa mahali kubwa kwa wakwe zake. Wanaocheka hapa hucheka kabila la mtu, na mwalimu afanyaye hivyo mbele ya darasa amefanya vibaya. Kinachofaa kutazamwa zaidi ni kosa lizaliwalo na woga wa kuchekwa. Mtoto aliyekwisha kukemewa kwa kusema zahabu huanza kuona dh kila mahali. Na ndipo wakulima wanapokwenda shambani wamebeba dhana zao mabegani, na serikali ikaombwa iwakopeshe dhana bora za kilimo. Sentensi hiyo ni ya thamani, wala si ya samani. Walakini haikuandikwa na mtu mjinga. Imeandikwa na mtu aliyejitahidi kupita kiasi kuandika sanifu, na ajuaye kwamba dh ina heshima kuliko z.

Hapa mtu aweza kuuliza kama makosa haya yote hayana hasara kwa lugha. Jawabu liko ndani ya Kiswahili chenyewe. Neno kitabu latoka katika Kiarabu, na ki yake ni sehemu ya shina; si kiambishi hata kidogo. Zamani za zamani mtu mmoja, au watu wengi, walilisikia wakadhani ni ngeli ya ki-vi, wakasema vitabu. Kama angalikuwapo msahihishaji siku hiyo, angalicheka na kukata mstari mwekundu. Mwalimu naye ni hivyo hivyo: mwanzo wa neno hilo katika Kiarabu ulifanana na m- ya mtu, na kwa hiyo wingi ukawa walimu. Wakati lilianza kwa w ya Kiarabu. Waswahili wakaidhania kuwa ni u- iliyokutana na irabu, kama ilivyo katika wayo na wimbo, wakapata nyakati. Waraka ukafuata ukawa nyaraka. Cheti, neno la Kihindi, likapata vyeti. Klabu ya Waingereza ikawa kilabu na vilabu. Na bango la barabarani lililowaamuru madereva wakae kushoto, kwa Kiingereza keep left, likazaa kipilefti, na njia panda za mji zikajaa vipilefti. Ubao wa gurudumu, ambao Mwingereza aliuita mudguard, ukasikiwa madigadi, na kwa kuwa yaliyo mengi ni ma-, moja lazima liwe digadi. Maneno hayo yamo katika midomo ya watu, na mengi yamo katika kamusi. Yote ni makosa ya mwanafunzi, tofauti ni kwamba mwanafunzi alikuwa taifa zima na hapakuwa na mtihani.

Sasa aje mtoto wa darasa la sita aandike wingi wa chai kuwa vyai, wingi wa wazo kuwa nyazo, na umoja wa mawaziri kuwa mwaziri. Kwa nini vyeti ni sahihi na vyai ni kichekesho? Kwa kuwa wengi wamekubali la kwanza na hawajakubali la pili. Hakuna sababu nyingine. Mtoto ameifuata kanuni ile ile iliyowaongoza wahenga, ila amechelewa kufika. Mwalimu hana ruhusa ya kumpa alama, kwani sanifu ni mapatano na mapatano hayavunjwi na mtu mmoja. Lakini mwalimu ajuaye historia ya kitabu na vitabu hawezi kumwambia mtoto huyo kwamba hana akili ya lugha. Amwambie kwamba kanuni yake ni nzuri, na kwamba neno hili halikuingia humo.

Si kila kosa lastahili heshima hiyo. Mwanafunzi aandikaye kwamba Kusadikika ni nchi inayopakana na Malawi hakupotea katika njia yoyote. Hakufungua tu kitabu cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951, wala hakujua kwamba nchi hiyo haina mahali katika ramani. Uvivu nao huchekesha, lakini haufundishi kitu, na mhakiki asijitaabishe kuutafutia falsafa.

Liko pia jambo baya kuliko kosa, nalo hupata alama. Katika shule nyingi, hasa za Kenya, wanafunzi hufundishwa insha kwa kukaririshwa mapambo: furaha huwa ghaya, machozi humtiririka mtu njia mbili mbili, na hakuna aamkaye ila hurauka kabla ya jogoo. Mapambo hayo huwekwa akibani kama vyombo vya arusi, yakangojea siku ya mtihani. Siku hiyo ikifika, mwanafunzi hana budi kuyatoa yote, iwe insha ni ya arusi au ya ajali ya basi. Vivyo hivyo katika barua. Barua ya kirafiki yajulikana kwa dibaji yake ndefu: mwandishi ni mzima, hofu na mashaka ni kwa mwenzake aliye mbali na upeo wa macho yake. Mwanafunzi akiipachika dibaji hiyo katika barua ya kuomba kazi, meneja wa kiwanda akatangaziwa hofu na mashaka kabla ya kuulizwa kama nafasi ipo, wasahihishaji hucheka sana. Lakini barua hiyo hiyo ikipelekwa kwa rafiki hupata alama kamili, hali haina hata neno moja ambalo mwanafunzi alilifikiri mwenyewe. Kati ya mtoto wa vyai na mtoto wa hofu na mashaka, wa kwanza ndiye anayetumia lugha. Wa pili anatumiwa nayo. Mtihani, kwa jinsi ulivyo, humpa ushindi wa pili.

Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa mwaka 1973, hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, na ndani yake huchapishwa vipande vya majibu mazuri na mabaya kwa mwandiko wa watahiniwa wenyewe, bila majina. Kazi hiyo ni njema, na yapita kwa mbali hadithi za chumba cha walimu, maana kosa laonekana kama lilivyoandikwa, halikutiwa chumvi. Zaidi ya hayo, katika maswali ya kuchagua, taarifa hizo hujaribu kueleza ni kitu gani kilichowavuta watahiniwa kwenye kila jibu lisilo sahihi. Na palipo na maelezo ya namna hiyo mwalimu hupata chakula. Upungufu wake waonekana katika maswali ya kujieleza. Huko sababu itolewayo mara kwa mara ni kwamba mtahiniwa hakuelewa matakwa ya swali, au hakuwa na maarifa ya kutosha ya mada. Kusema hivyo ni kusema kwamba alikosa kwa kuwa hakujua, na hilo lilikwisha kuonekana katika alama. Aliyeandika Si kweli, Juma hajui mpira alielewa matakwa ya swali fulani, ni lipi? Aliyelia kivulini alikuwa na maarifa ya mada. Ni ya wapi? Maswali hayo ndiyo yatakiwayo katika ukurasa wenye kipande cha jibu.

Na pengine swali lenyewe lingeweza kuandikwa vingine. Badala ya kuamuru kanusha, mtungaji aweza kutoa mfano mmoja, Asha anaimba, Asha haimbi, kisha akampa Juma na mpira wake. Badala ya kutaka maana ya methali peke yake, aweza kutaka mtahiniwa aseme ni lini mzee angeitamka na kumwambia nani. Hapo mtoto wa mkulima wa pamba angeandika kisa cha mizani na kivuli cha mti, na msahihishaji, akiwa na karatasi mia mbili mezani na usiku umeingia, angeona kwamba mtoto huyo amekosea neno moja, na kwamba yaliyosalia ameyaandika kwa Kiswahili safi.